Gunia Kavu la Ling'

Mbwa wangu nilimwita Ling', yaani nyamaza kwa Kijaluo. Kwetu Homa Bay jina la mbwa ni ujumbe kwa jirani, na jirani yangu ni Mellen, anayejua kilichopikwa kwangu kabla sijapakua.

Mwaka wa tisini na sita Ling' alioza kizazi. Celestine, daktari wa mifugo, alimpasua akakitoa chote. Alipona, akarudi kulinda kuku wangu jikoni. Lakini miezi ikapita, nikaanza kukuta gunia lake la kulalia limelowa. Mkojo ulimtoka akiwa usingizini. Akiamka analinusa gunia, anakunja mkia, anatoka nje kama aliyetukanwa.

Mume wangu Zadock, anayeniita Min Gordon, yaani mama Gordon, akasema, "Min Gordon, wakwe wa binti yetu Scovia wanakuja Disemba. Jikoni kukiwa bado kunanuka, huyu ataenda kwa ndugu yangu kule Lambwe."

Huko mbwa hulala nje, na fisi wapo. Nikarudi kwa Celestine.

"Nilipotoa kizazi nilitoa na vifuko vya mayai," akanieleza. "Homoni ya kike ikapungua, kibofu kikalegea mlangoni. Akilala, mlango unaachia."

Akanipa vidonge vya homoni hiyo. Tuanze kila siku, halafu tupunguze mpaka kile kidogo kinachotosha, maana kikizidi kinaharibu damu.

Zadock alicheka akakohoa. "Mbwa ametolewa kizazi, sasa anameza dawa ya kupanga uzazi. Anapanga nini?"

"Anapanga kulala pakavu."

Mellen alisikia. Kisimani ikawa hadithi: mbwa wa Min Gordon anahudhuria kliniki ya akina mama.

Ling' alikuwa mjanja. Nikificha kidonge kwenye ugali, anakula ugali, kidonge anakitema. Basi nikasaga omena, dagaa wa ziwani kwetu, nikafinyanga matonge. La kwanza tupu, la pili lina dawa, la tatu nalishika aone, ndipo analimeza la pili mbiombio. Kila asubuhi nililibonyeza gunia kwa mgongo wa kiganja. Maji yakawa unyevu, unyevu ukawa doa, doa likaisha. Celestine alipopunguza dawa doa likarudi, tukaongeza kidogo, tukakipata kipimo chake.

Siku ya wakwe mvua ilinyesha. Wanawake wao wakakimbilia jikoni kwangu, mama mkwe akaketi kando ya gunia. Ling' alikuwa amelala fofofo.

Mellen, aliyekuja kusaidia kupakua, akaanza, "Mama, usikae karibu na huyo, huyo ana..."

"Ling'," nikaita, polepole tu.

Mbwa akaamka, akanijia. Mellen akafunga mdomo.

Zadock alikuwa mlangoni. Aliingia, akainama mbele ya wageni wote, akalibonyeza gunia kwa mgongo wa kiganja, vile vile ninavyofanya mimi. Akalibonyeza tena upande wa pili.

"Huyu ndiye askari wa kuku wetu," akamwambia mama mkwe. "Ndugu yangu wa Lambwe anamtaka sana. Nimemwambia atafute wake."