Koni si Polihedra, Shemeji

Kiwanda cha maboksi kilijaliwa meneja asiyeshindwa na jambo. Hakuwahi kukunja hata bahasha, lakini alijua yote. Mwalimu wa hesabu alipoagiza polihedra sita za kadibodi za kufundishia, meneja hakuona haja ya kumuuliza polihedra ni nini. Akaandika mwenyewe: mchemraba, piramidi, mche wa pembetatu, silinda, koni, mpira. Karatasi akampa mke wa kaka yake, mkataji aliyeitwa Mama Pembe kwa kuwa boksi lake halikuwahi kuachama pembeni.

Mama Pembe akaisoma mara mbili.

"Shemeji, polihedra ni umbo lililofungwa pande zote, kila uso wake bapa, kila ukingo umenyooka. Sasa mpira una nyuso ngapi?"

"Mmoja," meneja akajibu bila kupepesa macho. "Ila mkubwa."

Mjadala wa kitaaluma ukaishia hapo. Mama Pembe akakata vipande kumi na viwili mfano wa maganda ya chungwa, akavibandika. Kikatoka kitu kama kabichi lililokaliwa. Meneja akakisifu mno.

Alhamisi mwalimu akaja, mama mpole mwenye miwani. Akamwomba meneja ahesabu vipeo, yaani ncha za pembe, aongeze nyuso, atoe kingo. Polihedra isiyo na tundu wala shimo, alisema, hutoa mbili.

Mchemraba: nane, ongeza sita, toa kumi na mbili. Mbili! Meneja akatabasamu kana kwamba ndiye aliyeubuni. Silinda, isiyo na kipeo, yenye nyuso tatu na kingo mbili, ikatoa moja.

"Imekaribia," akasema.

Koni ikawa na kipeo kimoja, nyuso mbili, ukingo mmoja. Mbili tena! Nusura aruke. "Shemeji, njoo ujionee!"

Mama Pembe akaja na rula. Akailaza ubavuni mwa koni, kutoka nchani hadi chini. Ikatulia tuli.

"Bapa!" meneja akashangilia.

"Ngoja kwanza, shemeji." Akaikingamisha rula. Ikayumba, mwanga ukapenya huku na huku. "Uso bapa hukubali rula kila upande. Huu umepinda. Na ukingo wa chini ni duara."

Meneja akaitazama rula kama shahidi aliyehongwa. "Hii rula ya zamani."

Mwalimu akaweka kando koni, silinda na kabichi, akaomba nyingine tatu. Papo hapo Mama Pembe akachora pembetatu nane zilizoshikana, akakata, akakunja, akabandika. Mwalimu akaligeuza umbo lile, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Safi," akasema.

Miaka kumi na mmoja kiwandani, neno hilo Mama Pembe hakuwahi kuambiwa. Akajifanya anatafuta gundi.

Jumatatu meneja akaitisha kikao, akawaelimisha wafanyakazi kwa dakika arobaini kuhusu tofauti ya koni na polihedra. Alikosea mahali pamoja tu, aliposema mpira una kingo nyingi mno zisizoonekana. Mama Pembe akanyoosha mkono.

"Maswali mwishoni, shemeji," akamwambia.