Jasho la Kastori

Fulana ya mazoezi hufuliwa ikiwa imegeuzwa ndani nje, maana harufu hukaa upande wa ngozi. Digna alilijua hilo tangu mumewe Kastori alipoanza mazoezi ya mgambo. Aliiloweka kwanza kwenye maji baridi ya mfereji, kwa sababu maji ya moto huipika harufu ikang'ang'ania, halafu akasugua makwapa kwa majivu ya maganda ya ndizi. Sabuni hakuwa nayo. Mwaka huo wa 1980 sabuni iligawiwa kwenye duka la kijiji, mche mmoja kwa kaya, na kaya ya mtoro haikupewa. Aliianika uani karibu na zizi. Jioni ilikuwa imekauka, hainuki. Saa kumi na moja alfajiri ilikuwa imelowa tena makwapani na mgongoni, na ua mzima ulinuka mwanaume aliyetoka kukimbia.

Fulana hiyo ilikuwa ya akiba. Nyingine Kastori aliondoka nayo mwilini.

"Mwenzangu, majivu peke yake hayaliwezi jasho la mwanaume," alisema jirani yake Redempta, akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe. "Tia na limau."

Akatia limau. Makwapa yakawa meupe pe, na alfajiri yakalowa.

Mambo yalianza mwezi wa sita mwaka uliotangulia. Kastori alichelewa mazoezini kwa sababu ng'ombe wake alikuwa akizaa, na mwenyewe alikuwa na homa. Afande Primus, mwalimu wa mgambo, hakutaka kusikia habari za ng'ombe. Alimtwisha gunia la mchanga, akamwamuru akimbie kupanda hadi ukingo wa msitu, arudi, apande tena, mpaka atakapoambiwa simama. Mvua ikaanza. Afande akaenda zake kunywa mbege. Wanaume ishirini na wawili waliokuwa uwanjani walimwona Kastori akipanda mara ya tatu, kisha wakaenda makwao. Baada ya siku mbili gunia lilikutwa kando ya mfereji wa juu. Kastori hakuonekana. Afande aliandika kwenye daftari neno moja, mtoro, na karatasi ya watoro ikabandikwa kwenye mlango wa duka.

Digna alitaka jina lile litolewe, basi. Mtoro hasomewi misa wala hawekewi matanga, na mwanawe Antoni aliitwa mtoto wa mtoro hata kanisani. Asubuhi moja alikwenda ofisi ya kijiji na fulana ikiwa bado mbichi. Alimwamkia mwenyekiti, Mzee Filemon, akaiweka mezani.

Mzee Filemon aliinusa. Wajumbe wakapokezana, kila mmoja akanusa kwapa, na wote wakakubaliana kwamba jasho ni la Kastori, tena ni la leo.

"Basi yuko hai," alisema Afande Primus. "Maiti haitoi jasho. Katibu, andika: mtoro, yu hai, amejificha."

"Hajajificha, afande," alisema Digna. "Anakimbia. Ulimwambia akimbie mpaka utakapomwambia simama. Hujamwambia."

Wajumbe wakatazama chini. Saba kati yao walikuwa uwanjani siku ile.

"Sema tu, afande, nakuomba. Neno moja. Iambie fulana hii simama, nami nitaifua mara ya mwisho, padri amsomee misa, tuizike. Sitakushtaki popote. Haki ya Mungu."

Afande Primus alikuwa mtu mwerevu. Alijua kwamba huwezi kumsimamisha mtu ambaye hukumkimbiza, na kusema simama kungekuwa kukiri.

"Mama Antoni," alisema kwa upole, "mtoro haamrishwi."

Kikao kikafungwa. Wajumbe waliomba maji wakanawa mikono, maana harufu ilikuwa imewashika.

Digna akajaribu mwenyewe. Alfajiri alisimama mbele ya kamba akasema, "Simama, baba Antoni. Imetosha." Jasho halikupungua. Kastori alikuwa mtu wa nidhamu, na amri ya mke si amri ya afande. Inauma, jamani, lakini ndivyo ilivyo. Akaanza kuweka kikombe cha maji chini ya kamba kila usiku, na kila asubuhi akakikuta kitupu.

Mwaka 1984 Afande Primus alishikwa na presha akafa. Alizikwa kwa gwaride. Wale wanaume ishirini na wawili walijipanga kando ya kaburi, na mmoja wao akapaaza sauti, "Gwaride, simama!" mpaka ikasikika migombani. Digna alikuwa nyuma yao na fulana mkononi. Iliendelea kuchuruzika. Amri ile haikuwa ya Kastori.

Mwaka uliofuata bidhaa zikarudi madukani. Digna aliteremka Moshi mjini, akanunua sabuni ya kuogea yenye harufu ya waridi, akaifua fulana ile kwa kipande kizima. Karatasi ya watoro ilikuwa bado mlangoni. Ilipochakaa, katibu aliinakili upya kwa mwandiko mzuri.

Alfajiri fulana ikalowa kama kawaida. Redempta alipita na majani yake, akasimama, akavuta pumzi.

"Leo ananukia," alisema.

"Ananukia," Digna aliitikia. "Lakini amechoka, mwenzangu. Miaka sita."

Akaianua, akaigeuza ndani nje, akaitia kwenye maji baridi.