Gunia la Mbata Barafuni

Siku Shahad alipokaribia kuzimia jikoni kwao Ghubra, Maskati, wallahi, hakukuwa na msiba wala moto. Kulikuwa na simu tu. Simu, na kikombe cha chai mkononi, na mdogo wake Rahaf kakaa juu ya meza anatafuna chipsi.

Lakini ngojeni, nisiparamie. Chai ikimwagika mtajua kwa nini.

Shahad alikuwa kaposwa. Aliyemposa ni Hatem, mtoto wa Ruwi, hapo hapo Maskati, wamejuana tokea chuo. Watu wake ni wetu hawa hawa, wazee wao walikuja kutoka Unguja kama wazee wa Shahad, na nyumbani kwao Kiswahili ndo cha kucheka na kugombana, Kiarabu cha wageni. Kila kitu sawa. Tatizo moja tu: Hatem hakai Maskati. Hatem yuko Tromsø, mji wa huko juu kabisa Norwei, ambako siku za baridi jua halichomozi. Halichomozi, nakwambia, wiki baada ya wiki! Na kazi yake ni kutembeza wageni. Anawapeleka kuona nyangumi, anawapandisha sleji zinazokokotwa na mbwa, kisha anawatoa nje ya mji wakaangalie ile mianga ya kijani inayocheza mbinguni. Wageni wa Khaleej, Waarabu wa Ghuba, wanamgombania, maana anawaonyesha kibla na anajua chakula kipi cha halali.

Baba'ake Shahad, Mzee Marhoon, alishakubali. Mama alishaanza kuchagua mapazia. Aliyebaki ni Bibi. Bibi Sabah, mama'ake Baba, na nyumba ile Bibi asiposema ndiyo, hiyo ndiyo ya wengine haina kazi.

"Nani kamuulizia?" Bibi aliuliza.

Swali la haki hilo. Maana kwetu mwanamume akiposa, lazima auliziwe. Unakwenda msikiti anaosali, unakwenda kazini kwake, unagonga kwa jirani, unapita dukani anakonunua mkate: huyu mtu vipi? Ana hasira? Anasali? Anamjibuje mama'ake? Ndo heshima ya binti hiyo. Sasa Tromsø utamuuliza nani?

"Bibi, majirani zake kule ni Wanorwei na mbwa," Shahad akasema.

"Basi waulizwe hao mbwa," Bibi kajibu. "Mjukuu wangu simtoi kizani."

Haikupita siku mbili tatu, Bibi akatangaza safari. Anakwenda Unguja kumuona dada'ake. Ami Thani, mwanawe wa mwisho, atamsindikiza. Na akirudi ndo atatoa jibu la Hatem. Shahad alimkumbatia mpaka miwani ikamtoka.

Kutoka huko ikawa kila asubuhi inakuja sauti ya Bibi kwenye simu: "Huku Unguja mvua tu, mwanangu. Na upepo." Kweli upepo unasikika, wuuuu, kama mtu anapuliza chupa. Rahaf akasema, "Mbona Unguja siku hizi kuna kimbunga?" Wakacheka, wakaendelea na mambo yao. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna!

Basi jioni moja baada ya isha, Hatem kaingia laivu.

Nyuma yake kiza kitupu, theluji imejaa, mbwa wanabweka, moto unawaka. Watu wamejazana wanaangalia, maana laivu za Hatem zinachekesha.

"Jamani, leo nasema Kiswahili kwa raha zangu," Hatem kaanza, huku ndevu zimeota barafu. "Wageni wangu leo Waarabu watupu, hawashiki hata neno. Mnamuona yule ajuza pale kwenye moto?"

Kageuza simu. Pale kwenye moto kakaa mtu kavaa lile vazi la baridi wanalopewa wageni, kavimba kama godoro lililokunjwa, kajifunga shela usoni, imebaki miwani tu, nayo ina ukungu.

"Kanimaliza yule!" Hatem kasema. "Toka asubuhi. Kibla, nimemwonyesha, kasema sicho, mpaka nikatoa dira. Chai, kasema haina iliki. Mbwa kamlamba mkono, kidogo tu, kagoma kuondoka mpaka aoshe kisheria, mara saba, moja kwa udongo. Udongo! Nautoa wapi udongo mimi, dunia nzima theluji? Nimechukua sepetu, nimechimba kama nachimba kisima. Nimeupata umeganda jiwe, nikauyeyusha motoni, ndo kaosha. Nikadhani tumemaliza. Kasema goti linamuuma! Nimembeba mgongoni kutoka barabarani mpaka hapa. Mzito, wallahi. Gunia la mbata!"

Shahad alicheka mpaka machozi. Kaweka kidole kwenye simu, kaandika: Mwache huko huko alale na mbwa wake! Na vile vichwa vya manjano vinavyolia kwa kucheka, kavimwaga safu nzima.

Hatem kauona ujumbe. Kausoma kwa sauti, tena kwa kujidai.

"'Mwache huko huko alale na mbwa wake.' Haaa! Shahad wa Ghubra! Huyo wangu huyo, jamani, mnaona anavyonitetea?"

Na nyuma yake, pale kwenye moto, yule ajuza akasonya.

Sasa nisikilizeni. Si msonyo wa hivi hivi. Msonyo mrefu, unaanza juu, unashuka, unakata kona, unamalizikia puani. Hatem upepo ulimziba masikio, hakuusikia. Lakini Shahad msonyo ule kakulia nao. Ulimkuta alipofeli hesabu. Ulimkuta alipojipaka rangi ya mdomo akiwa darasa la tano. Mwenye msonyo ule duniani ni mmoja.

Kikombe kikamtoka. Chai miguuni, kwenye vigae, kwenye kanzu mpya ya Rahaf.

"We! Umekuwaje?" Rahaf akaruka.

"Rahaf." Kamvuta mkono. "Rahaf, yule nani?"

Rahaf kasogeza uso kwenye simu. Pembeni ya moto kulikuwa na jibaba limesimama, limejiziba uso kwa glavu zote mbili, kama mtu asiyetaka kuangalia ajali.

"Huyu si... Ami Thani?"

"Yaa Rabbi. Yaa Rabbi, Bibi!"

Shahad akaandika mbio mbio. HATEM NYAMAZA. BIBI YANGU HUYO. ZIMA. ZIMA ZIMA ZIMA! Lakini nani atasoma? Ujumbe unamiminika kama mchanga. Mtu wa Mombasa anaandika mbata zimepanda bei, mtu wa Dubai anauliza mbwa wanauma, wote wanacheka, na maneno ya Shahad yanapanda na kupotea. Akataka kufuta lile la mbwa, kidole kina chai, kinateleza. Akapiga simu. Inaita, inaita, na Hatem huyo kwenye kioo anaendelea.

"Na huyo mtoto wake sasa, hasemi, hacheki, kazi yake kujiziba uso tu..."

Yule ajuza akainuka. Kaja pole pole, vup, vup, kwenye theluji, mpaka nyuma ya bega la Hatem. Kaivuta shela chini. Pua nyekundu kama pilipili.

"Hatem wa Marwan," kasema, kamtaja na baba'ake, Kiswahili cha Mji Mkongwe kilichonyooka. "Gunia la mbata limesikia."

Mimi sijui nikueleze vipi uso wa Hatem. Mdomo wazi, macho wazi, hapumui, hapepesi. Na Bibi wala hakumwangalia. Alisogea mpaka miwani ikajaa kioo kizima.

"Na wa Ghubra naye nimemsikia."

Simu ikaanguka. Ikaonekana theluji, kiatu, kipande cha mbingu ya kijani, kisha giza.

Shahad alipiga ukelele mmoja tu. Mama kaja mbio na upawa mkononi.

"Nani? Nani kafa?"

"Bibi!"

"Bibi kafa?!"

"Bibi yuko Norwei!"

Mama kakaa chini pale pale kwenye chai.

Sasa hapo ndo balaa likaanza, maana hapakuwa na balaa. Ukimya mtupu. Hatem hapokei, simu yake imezimwa. Baba akampigia Ami Thani, akamuuliza kwa sauti kubwa nini kimetokea huko, na Thani akajibu neno moja: "Baridi." Akakata. Asubuhi ikaja sauti ya Bibi, ile ile, tulivu, na upepo wake: "Huku Unguja mvua tu, mwanangu. Tunarudi Alkhamisi."

Shahad aliisikiliza mpaka akaijua pumzi kwa pumzi. Bora angetukanwa! Hakula. Kila akifumba macho anaona vile vichwa vya manjano, vinamcheka yeye sasa. Harusi basi. Hatem basi. Na kaiua mwenyewe, kwa kidole chake.

Alkhamisi wakafika. Ami Thani aliingia, akasalimia ukuta, akapita moja kwa moja chooni. Bibi akaingia na mkongojo wake, pua bado ina wekundu, wakambusu mkono mmoja mmoja. Kakaa. Kavua viatu. Kawaangalia.

"Mbona kimya? Hamniulizi khabari za Unguja?"

Shahad akapiga magoti kwenye zulia, akamshika miguu.

"Bibi, nisamehe. Wallahi sikujua kama ni wewe."

"Ndo ubaya wenyewe huo," Bibi kasema, polepole, bila hasira hata kidogo. "Ungelinijua, ungeliniambia maneno matamu. Mimi nimekwenda kote kule ili nisijulikane. Nijue mtu anamsemaje mtu asiyemjua. Nilikwenda kumuulizia mwanamme. Sikudhani nitaletewa na jibu lako."

Shahad analia. Mama analia. Rahaf analia na simu yake mkononi.

"Simama," Bibi kasema. "Geuka. Inama."

"Bibi?"

"Inama. Gunia la mbata lataka kwenda juu ya dari."

"Mama!" Mama kamshtukia mkwewe. "Ngazi zile? Na goti lako? Mtaanguka wote wawili!"

"Hatem kanibeba theluji imefika hapa," Bibi kajigusa paja. "Huyu vigae vya Ghubra vitamshinda? Rahaf, washa hiyo laivu yenu."

"Eh?"

"Walioniona kule, wanione na huku."

Rahaf, mtoto hana huruma huyu, kaiwasha kabla Bibi hajafunga mdomo. Na watu wakaja! Kumbe dunia nzima ilikuwa inangoja kujua yule ajuza kafanya nini.

Shahad akainama. Bibi akapanda. Subhana'Allah, uzito ule! Ngazi ya kwanza magoti yakagonga, ya pili kichwa kikazunguka. Na Bibi huyo, mdomo kwenye sikio lake, sauti ya chini ya kuwa wawili tu.

"Aliangusha simu, akapiga magoti. Kaniomba radhi kwa Kiswahili, mbele ya wageni wote. Machozi yameganda ndevuni, hata kuyafuta hayafutiki."

Shahad anahema. Anashika ukuta.

"Lakini si hilo. Kila mtu hulia akishajulikana. Mimi lililonikaa ni udongo. Kachimba hajui mimi nani. Analalamika, anachimba. Anasema mimi mzito, hanitui. Babu'ako, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi wa halua, na hakupata kuniletea hata gilasi ya maji."

Kwenye simu ya Rahaf ukapita ujumbe. Rahaf akausoma kwa sauti, macho yamemtoka. "Hatem! Hatem kaandika! 'Shahad, mshike chini ya magoti, ukimshika mapaja utaanguka. Na usimwambie mzito, anasikia.'"

Ukoo mzima ukapasuka kwa kicheko, hata Ami Thani katoa kichwa chooni. Shahad kashika chini ya magoti. Kweli ikawa nafuu. Analia, anacheka, kamasi zinashuka, hana mkono wa kufutia.

Wakatokea juu, kwenye sakafu ya paa. Hewa ya baridi ile yetu ya Januari, ambayo Bibi sasa anaicheka. Taa za barabarani, mnara wa msikiti, ndege moja inashuka. Bibi kainua uso, kaitafuta mbingu yote kwa miwani.

"Hapa kijani hamna," kasema.

"Hamna, Bibi."

"Basi mwambie baba'ako awaite watu wa Ruwi." Kajiweka sawa mgongoni. "Na harusi isiwe siku hizi za baridi. Mwanamme nishamuona kizani, nataka kumuona na juani."

Shahad moyo ulimruka. Akainama polepole amuweke Bibi kwenye kiti cha plastiki, ampigie magoti, ambusu, amlilie.

Akapigwa kofi la bega.

"Nani kasema nishushwe?"