Msumari wa Kidato cha Saba

Jina la Darubini hakulipata bure. Alikuwa mpelelezi wa polisi miaka thelathini, na wezi walimwogopa kuliko mbwa. Siku ya pili tu ya kustaafu kwake, wifi yake, mjane wa kaka yake, akamwita.

"Wifi, umemaliza kuchunguza ya watu. Sasa chunguza ya kwetu, kabla sijafa."

Ya kwao yalijulikana mtaa mzima. Miaka ishirini na miwili iliyopita kaka mtu alipanda ngazi kuziba bati linalovuja, kidato kikavunjika, akaanguka, akafa. Ngazi ilikuwa kazi ya mwanawe mkubwa, seremala. Mama akamwambia kijana, "Umemuua baba yako kwa kulipua kazi," naye kijana tangu siku hiyo hakukanyaga tena pale nyumbani. Randa akaiweka chini. Sasa anauza saruji.

"Ngazi iko wapi?" Darubini akauliza.

Jamani! Watu wamelia, wamelaumiana, wamenuniana miaka yote hiyo, na hakuna hata mmoja aliyeitazama ngazi. Darubini mwenyewe alikuja kuzika, akameza maneno ya watu mazimamazima, akarudi kazini. Lilimuuma hilo. Wakaitoa stoo, nyuma ya magunia, wakailaza uani.

Akapiga magoti na miaka yake sitini, akapitisha kidole kidato kwa kidato. Kumi na kimoja vilichomekwa kwenye matundu na kutiwa gundi, hata ukucha haupenyi. Huyo ndiye fundi! Cha saba tu, kile kilichovunjika, kilikuwa na msumari mnene, na ufa ulianzia hapo hapo kwenye msumari.

"Seremala huyu hatumii msumari," akasema. "Nani aliupigilia?"

Alipoinua macho, wifi yake alikuwa ameshika mdomo.

"Mimi. Kilianza kucheza. Marehemu akasema tumsubiri kijana aje arekebishe. Mimi nikaona ananichelewesha, nikachukua nyundo. Wifi, ni mimi."

Angeweza kunyamaza, nani angejua? Darubini amehoji mibaba yenye misuli ikiapa kwa mbingu na ardhi kukwepa kosa dogo, na huyu bibi wa miaka themanini amekiri bila kuulizwa mara mbili. Kweli kuna watu na viatu. Alimheshimu siku hiyo kuliko mtu yeyote.

Bibi akachukua kile kipande chenye msumari, wakaenda dukani kwa mwanawe. Akakiweka mezani.

"Msumari huu ni wangu, baba. Si kosa lako."

Mwanawe hata hakuutazama. "Najua, mama. Niliuona siku ile ile."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa umeshafiwa. Ningekuongezea na hilo?"

Darubini, ambaye hajawahi kulia mbele ya watu, alilia. Yule seremala wa zamani akavuta kiti haraka.

"Kaa, mama."

"Sikai," mama akasema, amemshika mkono. "Funga duka, twende nyumbani."