Hela Isiyo na Tundu

Enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, sarafu za hela kumi zilikuwa na tundu katikati, na watu wa Mkuyuni walizitunga kwenye kamba ya katani. Ndiyo maana siku Dadi alipotoa dukani moja isiyo na tundu, Stambuli mwenye duka alipiga kelele kwamba ameletewa pesa bandia. Akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Mdachi, hakutaka maelezo. Dadi alilazwa chini, akala viboko ishirini na tano mbele ya wakwe zake, na sarafu ikabaki kwa Stambuli.

Mkewe, Mwaisha, hakulia. Aliweka kinyongo, akakilea. Tangu siku ile hela yoyote iliyotoka mkononi mwa Dadi iligeuzwageuzwa kwanza, hata mwenyewe akaacha kwenda sokoni.

Miezi minne baadaye Mwaisha akasikia kwamba Mdachi mmoja wa reli, kule Morogoro mjini, ananunua sarafu zilizokosewa kiwandani, na kwamba Stambuli amemwita aje kuona moja. Kumbe yule laghai alijua tangu mwanzo. Mwaisha akaenda kwa akida, akapiga goti, akamwamkia shikamoo, akamwomba aje dukani siku Mdachi huyo atakapofika, asimame tu nyuma ya watu, asikilize.

Mdachi alikuja na mizani ndogo. Aliiweka sarafu upande mmoja na hela kumi ya kawaida upande wa pili. Ile isiyo na tundu ikashuka kidogo, kwa uzito wa kile kipande kilichosahauliwa kutobolewa. Akaigonga mezani, akasikiliza mlio, akaukagua ukingo kwa kioo cha kukuzia. Kisha akapanga rupia arobaini juu ya meza.

"Bwana Stambuli," Mwaisha akauliza, "hiyo ni ya kweli au bandia?"

Macho ya Stambuli yalikuwa kwenye rupia. "Ya kweli. Niliijua siku ile ile nilipoishika."

Akida akajitokeza. Kufanywa mjinga mbele ya Mzungu ni jambo ambalo hakuweza kulimeza. Stambuli alilazwa palepale alipolazwa Dadi, na Mwaisha akahesabu viboko kwa sauti, vyote ishirini na tano, roho ikimburudika.

Akida akamkabidhi Mwaisha sarafu. Mdachi akamsogezea zile rupia, kodi ya nyumba ya miaka kumi na tatu. Mwaisha hakuzigusa. Alichukua nyundo na msumari wa dukani, akaiweka sarafu juu ya jiwe, akaitoboa katikati. Mdachi alishika kichwa.

"Sasa ina tundu," akamwambia Stambuli. "Nipimie chumvi ya hela kumi."

Viboko havikumliza Stambuli, lakini alipoipokea ile sarafu machozi yalimtoka. Mwaisha alisimama kumngoja mpaka akaipima chumvi yote.

Nyumbani aliiweka ile chumvi mbele ya mumewe. "Nimeinunua kwa hela yako," akasema. "Wameipokea."