Kikapu cha Kahawa cha Ijumbi

Kila mtu aliyesalimiana na wasafiri hao watatu njiani alimwita Mwesiga mgeni. Walipokaribia Muleba, kijana mwenyewe akauliza neno hilo lina maana gani.

Alimwuliza Mwalimu Rutaihwa, mkalimani wake, mzee aliyeketi kiti cha mbele cha gari huku mikono yake imetulia juu ya mkongojo. Mwalimu alikuwa amestaafu zamani na kurudi kwenye migomba yake ya Kanazi, lakini alikuwa bado anaamini kwamba mkalimani anayekoroga maneno ya watu anashuhudia uongo. Kwa hiyo alifikiri kwanza, kisha akajibu kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, kilichonyooka kama kanzu ya kwaya iliyopigwa pasi.

"Sisi tuna neno moja. Ninyi mnayo matatu, wala hayalingani. 'Stranger' ni mtu usiyemjua. Ukimnyima mlango, watu hawakulaumu. 'Visitor' ni yeyote afikaye kisha akaondoka, hata mkaguzi wa shule, ambaye hakuna aliyemtamani. 'Guest' ni yule uliyemfungulia kwa hiari. Ukishampokea, chakula chake na usalama wake viko mikononi mwako."

"Na mimi ni yupi kati ya hao?"

Mwalimu aligeuka akamtazama. Baba yake kijana huyu, marehemu Kamala, alikuwa mwanafunzi wake. Kamala alikwenda kusoma ng'ambo, akaoa huko, akafia huko. Mwili wake uliletwa kijijini kwao Ijumbi ukazikwa katika shamba la ukoo, lakini mtoto, aliyekuwa bado mdogo, alibaki na mama yake. Leo Mwesiga alikuwa akija kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima, na alitaka kujua jambo moja tu: kama katika nyumba ya baba yake bado ana nafasi, au amekuja kutazama kaburi na kwenda zake.

"Sijui," alisema Mwalimu. "Ajuaye ni shangazi yako."

Saburi, mwenye gari, ambaye alisoma darasa moja na Kamala, alitikisa kichwa.

"Mwalimu, miaka yote hii hujajifunza kudanganya hata kidogo? Mtoto wa watu amekaukiwa na mate huko nyuma."

"Nililelewa na watu waliowachapa waongo."

"Na wewe ukanichapa mimi, wala sikuwa mwongo."

"Ulikuwa mwongo, Saburi."

Saburi akacheka, kisha akaanza kumfundisha Mwesiga shukrani ya Kihaya, "Kasinge, waitu," akimrudisha nyuma kila alipokosea, mpaka wakaingia Ijumbi.

Kokwijuka, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni, na harufu yake iliwapokea kabla yeye hajatoka. Alimshika Mwesiga mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa muda mrefu, akawaonyesha viti. Kisha akaleta kikapu kidogo cha kusukwa chenye kahawa ya kutafuna, kwa maana katika nchi ile mtu apokewaye hupewa kahawa kabla ya mazungumzo yoyote.

Desturi hiyo Mwesiga aliijua. Kamala alikuwa amemsimulia mkewe, na mama akamsimulia mwanawe. Kijana alikwisha kufungua kiganja. Kokwijuka akampa Mwalimu. Akampa Saburi. Akakipita kile kiganja kilichokuwa wazi, akarudi kuketi na kikapu chake mapajani.

Mwesiga akafumba mkono taratibu.

"Nimeelewa, Mwalimu," alisema kwa sauti ya chini. "Ni lile neno la kwanza. Naomba nionyeshwe kaburi, halafu tuondoke."

Mwalimu Rutaihwa aliacha kutafuna. Akamgeukia mwenye nyumba, akasema kwa Kihaya, kwa heshima lakini bila kuzunguka, "Waitu, mwana wa Kamala amepitwa."

"Amepitwa na nini?" Kokwijuka alishangaa kweli. "Uliona wapi mtu akakaribishwa kwake? Ninyi nimewapa mimi kwa kuwa yeye alikuwa hajapumzika. Sasa majirani hao wanapanda kuja kumwona, nani atawapa kahawa? Mimi na magoti haya? Mwambie ainuke apokee kikapu."

Mwalimu akazungumza na kijana polepole, kila neno mahali pake.

"Mwesiga, neno lako halikuwamo katika yale matatu. Hao wote huja kwa mtu. Wewe hapa ni 'host', mwenyeji, yule ambaye wengine huja kwake. Shangazi yako hakukunyima kahawa. Anakungoja uigawe."

Mwesiga aliinuka, akapiga magoti juu ya nyasi mbele ya shangazi yake, akapokea kikapu kwa mikono miwili. Majirani walipoingia, aliwaendea mmoja mmoja. Na kwa kuwa hakuwa amezoea kukishika kikapu, kahawa nyingine ikamwagika. Kokwijuka akafoka kwa Kihaya.

"Anasemaje?" Mwesiga alimwuliza Mwalimu.

"Anasema unashika vitu kama baba yako, na kwamba baba yako alishika kama mtu asiye na vidole."

Hapo Mwesiga alicheka, machozi yakimtoka. "Kasinge, waitu," alimwambia shangazi yake, na safari hii Saburi hakuwa na la kusahihisha.

"Asinishukuru mimi," alisema Kokwijuka, sauti yake imelainika. "Akampelekee mama yake shukrani zangu. Alitutunzia mtoto wetu, wala hakumficha kwao ni wapi."

Mwalimu alilifasiri hilo pia, lote. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba ameishi hata akamwona mwana wa mwanafunzi wake akisimama nyumbani kwao. Kikapu kilipomfikia, alifungua kiganja tena kama kwamba hakupewa chochote.

"Nipe na mimi. Ya kwanza ilikuwa ya shangazi yako. Sasa mimi ni mgeni wako."

"Mgeni yupi, Mwalimu?" Mwesiga aliuliza.

"Mkaguzi wa shule," alidakia Saburi.