Ratili Zilizoachwa Njiani

Nawaandikia nyinyi mnaopeleka watoto zahanati. Namba ikija peke yake msiiamini.

Binti yangu ndiye fundi wa kompyuta wa zahanati yetu. Mizani ya watoto pale hupima kwa ratili, ambayo haifiki hata nusu kilo, na uzito huenda wenyewe hadi kompyuta ya dirisha la dawa, ndani ya ujumbe unaoitwa XML. Kila jina kwenye ujumbe huo lina ukoo wake, kama sisi watu. Sasa dirisha la dawa likaletewa kompyuta mpya, haipokei ukoo wa zamani hata uibembeleze. Binti akaandika kanuni za XSLT, za kuvua kila jina ukoo wa zamani na kulivika mpya.

"Nimejaribu jumbe mia, mama, zote mia zimepita," aliniambia asubuhi, mkate mdomoni.

"Kupita ni kitu kimoja, kufika mzima ni kingine."

"Haya, mhandisi wa jikoni."

Saa nne mwanawe akachemka homa. Nikambeba mimi hadi zahanati. Mizani ikasema ishirini. Mfamasia akanipa chupa: vijiko viwili na nusu. Mwezi uliopita, dawa ile ile, kilikuwa kijiko kimoja.

"Mwanangu, hujakosea kweli?"

"Bibi, kompyuta inapiga hesabu kwa uzito. Kilo ishirini."

"Kilo ishirini huyu, hata kutembea bado? Hebu mshike."

Akampokea. Akampandisha, akamshusha, akanirudishia, na chupa akaichukua.

Nikapanda ghorofani kwa binti, mtoto mgongoni. Akafungua ujumbe wa mtoto wake mwenyewe. Kabla ya kugeuzwa: uzito, ishirini, na ubavuni pamebandikwa ratili. Baada ya kugeuzwa: uzito, ishirini. Basi.

"Nimehamisha majina na vilivyomo ndani yake," akasema polepole. "Vya ubavuni sikuagiza vibebwe."

"Umehama na sufuria, vifuniko umeviacha."

"Na kompyuta ile isipoona kipimo, inahesabu kilo."

Hakusubiri nimgombeze. Akazuia ujumbe wote, akashuka kwa mfamasia. Tangu asubuhi walikuwa wamepita watoto sita wengine. Wakapiga simu. Watano, dawa ilikuwa bado haijafunguliwa. Mama wa sita hakupokea, binti akatoka mbio mwenyewe hadi mlangoni kwake. Mama yule alikuwa anatafuta kijiko.

Aliporudi akaongeza kanuni moja, kila cha ubavuni kinakiliwe kama kilivyo, akautuma tena ujumbe wa mwanawe. Safari hii hakuniambia umepita. Alinivutia kiti mbele ya kompyuta ya dirisha la dawa.

"Soma, mama."

"Uzito. Ishirini. Ratili."

"Na dawa?"

"Kijiko kimoja."

Akaniomba nisome tena. Nikasoma.

Nanyi mkiambiwa mtoto ni ishirini, msione haya. Ulizeni: ishirini nini?